Kigae K14

Naanza kwa kukiri, kwa sababu nikiacha kukiri hadi mwisho nitapata hila ya kuruka. Mimi si msomi. Shule niliishia darasa la saba, na kazi ya nyaya nimejifunza kwa mikono na kwa matusi ya walionitangulia. Naomba Mungu asubuhi na jioni, sinywi, sijawahi kumwinulia mke wangu mkono. Hayo yote ni kweli, na siku ile hayakunisaidia kitu.

Yaliyotokea yalimpata shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mimi nilikuwepo tu. Ndivyo nilivyozoea kusema. Nilikuwepo tu.

Jengo letu lilikuwa la kutunza mitambo ya kompyuta za watu. Vyumba viwili vikubwa, havina dirisha, baridi mwaka mzima, makabati ya chuma yamepangwa safu kwa safu kama waumini. Sakafu yake si sakafu ya kawaida. Ni vigae vipana vya chuma vilivyoinuliwa juu ya miguu, na chini yake kuna nafasi ya mtu kutambaa kwa tumbo. Humo ndimo nyaya zinapita. Kila kigae kina namba yake. Lebo zilibanduka zamani, kwa hiyo fundi mkubwa wa nyaya, tuliyemwita Mzee wa Ngazi kwa vile hakuachana na ngazi yake hata wakati wa kula, aliziandika upya kwa chaki. K14, K15, K16. K yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu, kama mtu anayechechemea.

Mzee wa Ngazi ndiye aliyenifundisha kazi, na kanuni yake ilikuwa moja. Hakuna anayeingia chini peke yake. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama juu, kwenye kigae kilichofunguliwa. Kila dakika tano wa chini anaita, "Upo?" Wa juu anajibu, "Nipo." Basi.

"Chini huko huoni kitu," aliniambia. "Kamba yako ni sauti ya mwenzio. Ukiita usijibiwe, geuka utoke. Usingoje mara ya pili."

Shemeji yeye alikuwa mtu wa chuo. Wote walimwita Injinia. Ndiye aliyeniombea kazi pale, na hakuniacha nisahau. Alikuwa anapanga swichi, yale masanduku ya chuma yenye matundu arobaini na nane ambamo nyaya za faiba zinachomekwa. Nieleze kidogo, kwa sababu bila hili hamtanielewa. Faiba moja ina nyuzi mbili nyembamba kama unywele. Uzi mmoja unasema, mwingine unasikiliza. Mara nyingine mmoja unakatika na mwingine unabaki mzima. Hapo swichi ya upande mmoja inaendelea kusema na kusema, taa yake ya kijani inawaka, wala haijui kwamba mwenzake haipati kitu. Mtandao mzima unaweza kuanguka kwa upofu huo. Kwa hiyo kuna mlinzi anawekwa kwa amri, kila tundu, pande zote mbili. Kila tundu linataja jina lake na kungoja jirani alirudishe: mimi ni fulani, na wewe fulani nakusikia. Likisikia jirani anaita lakini harudishi jina hilo, linajua njia imekuwa ya upande mmoja, na linajifunga. Sisi tulimwita mlinzi huyo "kuitana". Mzee wa Ngazi alimpenda sana.

"Mashine imeiga kwetu," alisema.

Jumanne moja, asubuhi tulivu tu, msimamizi wetu aliingia na daftari lake. Ni mama mmoja mkavu, haongei mara mbili.

"Injinia, kuitana umeweka matundu yote?"

"Yote, mama."

Sauti ikatoka juu ya ngazi. "Ameweka chumba hiki tu, mama. Chumba cha pili hajagusa hata tundu moja. Jana nimechomoa uzi mmoja niusafishe, kule taa ikabaki kijani kibichi. Sasa hizi za huku zinamsalimia nani? Ukuta?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona shemeji nikanyamaza. Msimamizi hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, akamwambia shemeji ana wiki moja, akatoka.

Tulipobaki wawili, shemeji alinisogelea.

"Kanivua nguo mbele za watu."

"Ni mzee, shemeji. Msamehe."

"Anapenda sana kuitana, siyo? Haya. Kesho akiingia chini, usimjibu."

"Ataogopa."

"Ndiyo maana yake."

Nilipaswa kukataa. Nilifikiria kazi yangu imetoka mkononi mwa nani, nikasema sawa. Tena nikiri yote: lilinichekesha.

Jumatano saa sita kasorobo mchana Mzee wa Ngazi aliingia chini kupitia K14. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba saa sita watu wa zimamoto watajaribu king'ora, kila mtu awe nje. Alisema atamaliza mapema. Mimi nilisimama juu, mkononi nina kishikio, ule mpira wenye mkono unaonyonya kigae ukakiinua.

"Upo?"

"Nipo, mzee."

Shemeji akaja kwa vidole vya miguu. Kidole mdomoni.

"Upo?"

Sikujibu.

Tulisikia tochi ikigonga chuma, magoti yakigeuka. Alikuwa anarudi, kama alivyonifundisha. Ndipo shemeji aliponinyang'anya kishikio, akakivuta kigae taratibu na kukirudisha mahali pake, kama mtu anayefunika sufuria. Akanirudishia kishikio. Tukasimama juu yake, wote wawili, tumeshikana mabega, tunacheka bila sauti mpaka machozi. Vigae vingine vya pale vyote vilikuwa chini ya makabati. Hapakuwa na mlango mwingine, na kigae kikishakaa sawa hakisukumiki kutoka chini.

Akagonga. Mara tatu, kwa adabu.

"Nyie watoto, fungueni."

Tukazidi kucheka.

"Haya, mmenipata. Injinia, yameisha baba. Fungueni, kifua kinabana huku."

Saa sita ikafika na king'ora kikalia.

Lilikuwa jaribio la king'ora tu. Lakini ukutani kuna mitungi ya gesi inayozima moto kwa kufukuza hewa chumbani, na siku ile mtu alisahau kuifunga. Tulisikia sauti kama nyoka mkubwa anaamka. Mnapewa sekunde thelathini. Kishikio kilikuwa mkononi mwangu. Kuinua kigae ni sekunde mbili. Shemeji alinivuta shati. Nilipoinua mguu wangu, chini ya unyayo, karibu kabisa, nikasikia ameanza kuita kwa haraka.

"Upo? Upo? Upo?"

Nikakimbia.

Gesi ile ni nzito, inashuka chini. Walipokifungua kigae saa tisa, upande wake wa ndani, kwenye vumbi, palikuwa na alama za vidole kumi. Tisa zilikuwa alama tu. Ya kumi ilikuwa na ukucha wenyewe, umebaki umekwama.

Tuliulizwa. Tulisema aliingia peke yake, kwa ukaidi wa uzee, kigae kikajifunga nyuma yake. Niliinua mkono nikaapa kwa jina la Mungu. Mjane wake alikuja getini, ameshika ile ngazi kama anayeshika mkono wa mtu.

"Mwenzake wa juu alikuwa nani?" aliuliza.

"Hakuwa na mwenzake, dada," msimamizi alimjibu.

"Mume wangu? Miaka ishirini hajaingia peke yake." Kisha akanitazama mimi, mwanafunzi wake. "Baba, kweli?"

"Pole, mama," nikasema. Na ile pole niliisema vizuri.

Wiki ya tatu shemeji alikuwa ameweka kuitana vyumba vyote viwili. Safari hii kwa uangalifu, tundu kwa tundu. Siku ya mwisho aliniita mbele ya kioo cha kompyuta yake. Alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Angalia tundu la thelathini na moja."

Tundu lile lilikuwa la akiba. Lina faiba iliyoshuka chini ya sakafu, ya zamani, na upande wake wa pili haukuchomekwa popote. Taa ilikuwa kijani.

"Lina jirani," akasema. "Anaita. Tunamsikia. Yeye hatusikii."

Mahali pa jina la jirani mashine huandika namba ndefu ya kiwandani. Pale paliandikwa K14.

Tundu likajifunga, kama mlinzi alivyoagizwa. Shemeji akashusha pumzi. Lakini mtambo umepangwa kwamba tundu lililojifunga lijaribu tena baadaye. Tulikaa tunatazama. Taa ikawaka tena. K14. Ikazima. Nilitazama saa ya ukutani mara tatu mfululizo ili nisiwe mwongo. Kila dakika tano.

Shemeji alichomoa faiba kwa mkono wake, akaziba tundu kwa kizibo cha plastiki. Tukasubiri.

Taa ikawaka chini ya kizibo.

Tangu hapo hakulala. Alhamisi aliniambia, "Kesho naenda kwa msimamizi. Nasema yote."

"Yote ni nini?"

"Mimi na wewe. Kigae. Kishikio kilikuwa mkononi mwako, shemeji."

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linaloniunguza. Jioni ile nilipiga magoti kama kawaida yangu. Sikuomba msamaha. Nilisema: Mungu wangu, nina watoto wawili, mfunge huyu mdomo. Nilisema mara tatu, kwa machozi. Sijui nani alisikia.

Ijumaa nilimfuata hadi ofisini, nikasimama mlangoni. Alisema yote. Alitaja jina langu. Alitaja jinsi tulivyocheka.

Msimamizi aliinua uso.

"Injinia, sema basi. Unapepesa midomo tu, nina kazi."

Shemeji akarudia kwa sauti ya juu. Mimi nilisikia kila neno. Mama yule alimkazia macho ya mtu anayemwangalia samaki kwenye kioo.

"Ana nini huyu?" akaniuliza mimi.

Shemeji akanigeukia. Alikuwa anafanya ishara ya mikono: mwambie.

"Koo limemkauka, mama," nikasema. "Tangu jana."

Alichukua kipande cha karatasi akaandika harakaharaka. Nikanyoosha mkono. "Lete, nitampa akitulia." Akanipa. Alikuwa bado ananiamini, jamani. Niliitafuna chooni, neno kwa neno, ilikuwa na ladha ya wino.

Jumamosi mchana alikuja nyumbani. Alikaa kiti cha mlangoni, anamsemesha dada yake, analia, anamshika mkono. Mke wangu alikuwa anachambua mchele.

"Mdogo wangu, leo umeninunia? Umekaa kama gunia." Akanigeukia. "Baba, mbona hata salamu hanipi?"

"Dada," shemeji alikuwa anasema, "dada, dada, dada."

"Kazi nyingi," nikasema. "Mwache apumzike."

Shemeji akauachia mkono wake. Akanigeukia. Kisha akasema polepole, "Wewe unanisikia."

Niliinuka nikaenda kunywa maji.

Jumatatu saa nne asubuhi alinikamata mkono kwenye chumba cha mitambo. Alikuwa amekonda ghafla.

"Naingia chini," akasema. "Nakwenda kuikata hiyo faiba huko iliko mwisho wake. Labda ananidai jibu tu. Wewe simama juu. Tuitane, shemeji. Kwa huruma ya mama watoto wako, nijibu."

Nikainua K14 kwa kishikio kilekile. Akaingia.

"Upo?"

"Nipo."

Tochi ikasogea mbali.

"Upo?"

"Nipo, shemeji."

"Nimeiona. Haijakatika. Inaendelea tu." Tochi ikagonga chuma. "Inakwenda mbali kuliko chumba."

Nilingoja. Baridi ilipanda miguuni. Dakika tano zikafika.

"Upo?"

Zilikuwa sauti mbili.

Moja ilikuwa ya shemeji, mbali. Nyingine ilikuwa hapa, chini ya ukingo wa shimo, karibu na kiatu changu. Sauti ya mzee. Kavu. Ya adabu.

Sikujibu.

"Shemeji? Umejibu? Sikusikii."

"Upo?" ikasema ile ya karibu.

"Shemeji, kuna mtu huku. Kuna mtu amenishika mguu. Shemeji!"

Nikakiinua kigae. Nikakirudisha mahali pake. Taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.

Nimewahi kujiambia ulikuwa woga. Robo yake ilikuwa woga. Robo tatu nilikuwa nafikiria kwamba sasa hatasema tena.

Nikasimama juu yake. Aligonga. Kwanza mkono mmoja. Halafu miwili. Halafu minne. Kisha yote ikanyamaza kwa mpigo, na kwenye swichi taa moja ikawaka.

Tulimkuta chini ya K15, amelala chali, uso umebanwa kwenye chuma. Daktari alisema moyo. Msimamizi alisema aliingia peke yake, wanaume wa hapa ni wakaidi. Hakuna aliyeniuliza, hata kuapa sikuapishwa. Mimi ndiye niliyemvuta nje, kwa hiyo niliona. Ile faiba ya zamani ilikuwa na mwisho. Ncha yake ilikuwa imeingia sikioni mwake, imeingia ndani sana, na ilipovutwa ilitoka ndefu, ndefu, safi.

Mke wangu alilia siku saba. Siku ya nane aliniuliza, "Jumamosi ile alikuwa anataka kuniambia nini?" Nikamwambia alikuwa amechoka tu.

Kabla sijaacha kazi, msimamizi aliniita nitazame kioo. Tundu la thelathini na moja, jirani K14. La thelathini na mbili, jirani K15. Yote mawili tupu, hayana waya. La thelathini na tatu lilikuwa limewaka taa, na mahali pa jina palikuwa bado wazi.

Ni miezi miwili sasa. Nyumba yetu tumetandaza vigae vya kawaida vya udongo, tulivichagua mimi na mama watoto. Chini yake ni zege na ardhi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mjane wa Mzee wa Ngazi. Nilikuwa nimeamua. Nilisimama uani kwake, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema kila kitu, kuanzia kicheko hadi ukucha. Alikuwa anaanika nguo. Aliinua uso.

"Baba, umekuja kunitembelea? Karibu. Mbona husemi?"

Nilipiga kelele mpaka nikatapika. Akaniletea maji.

Nyumbani nako ndivyo. Mke wangu anaita kutoka jikoni, "Baba watoto, upo?" Najibu nipo. Anaita tena. Najibu. Anachungulia, ananiona, anatikisa kichwa, anawaambia watoto baba yenu siku hizi ana kiburi cha ukimya. Ndiyo maana nimeandika haya kwenye daftari la mwanangu, kwa kalamu ya risasi. Nimeliacha mezani siku tatu, limefunuliwa. Mke wangu amelifuta vumbi, akalifunga.

Leo asubuhi alikuwa anapiga deki sebuleni. Akafika kwenye kiti changu, akainama.

"Nani amechorachora hapa? Watoto hawa!"

Chini ya miguu yangu, kwenye kigae, palikuwa na maandishi ya chaki. K16. K yenye mguu mmoja mrefu. Lakini ilikuwa imegeuzwa, inachechemea upande usio wake, kama maandishi unayoyaona ukiwa nyuma ya karatasi. Kama mtu ameandika kutoka upande wa chini.

Mke wangu alisugua kwa sabuni, kisha kwa kisu. Kigae kikang'aa. Akaenda kumwaga maji.

Kilipokauka, herufi zilikuwa palepale, ndani ya kigae, na pembeni yake pametokea alama moja ndogo, nyembamba, ya ukucha.